Umefikia kwa Nani? Malazi ya Mgeni katika Fasihi ya Pwani

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachowasumbua wafasiri kila wanapotaka kukivusha kwenda lugha nyingine. Kitenzi hicho ni kufikia. Abiria anaposhuka chomboni huambiwa amefika, na mara baada ya salamu huulizwa amefikia wapi. Wazee wa mwambao aghalabu huliuliza swali hilo kwa namna yao: umefikia kwa nani? Kufika hutosheka na miguu na chombo. Kufikia hudai mtu wa pili, mwenye mlango, mkeka na jina. Na asiyekuwa na mtu huyo huhesabiwa kuwa bado yumo safarini, hata kama mizigo yake imekwisha kuteremshwa.

Leo familia inayopanga likizo ya Julai au ya Disemba kisiwani Unguja, iwe inatoka Dar es Salaam, Nairobi, Maskati au London, huanza na swali jingine: tukae wapi? Mji Mkongwe au Nungwi, Paje au Kiwengwa. Hoteli yenye bwawa la watoto au nyumba ya kupanga yenye jiko lake. Karibu na maji au karibu na soko. Ni maswali ya haki, na mzazi mwenye watoto watatu na fedha za kuhesabu hana budi kuyauliza. Hata hivyo msomaji wa fasihi ya pwani atagundua kwamba neno "kwa" limeanguka njiani. Makala haya yanalifuata neno hilo katika maandishi machache, ya kale na ya sasa, ili kuona lilikuwa limebeba nini, na kuanguka kwake kumemwacha nani nje.

Sahani iliyofunikwa

Maelezo ya kale yaliyo wazi mno kuhusu malazi ya mgeni katika mwambao wetu ni ya Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Anasimulia kwamba jahazi lilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji waliliendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa sahani ile mfanyabiashara mmoja miongoni mwa abiria na kutamka kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakuwa na haja ya kutafuta pa kulala. Alishukia nyumbani kwa kijana yule, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichokitaka.

Mambo mawili katika maelezo hayo yanastahili kutazamwa kwa utulivu. La kwanza ni kwamba ukarimu ule ulikuwa na biashara ndani yake. Ibn Battuta anasema wazi kwamba mauzo yaliyofanywa bila mwenyeji kuwapo, au kwa bei ya kumpunja mgeni, hayakukubaliwa. Mwenyeji alipata faida yake na mgeni alipata ulinzi wake. Kwa hiyo wanaodai kwamba fedha ndiyo iliyoharibu ukarimu wa pwani wanapaswa kuirudia habari hii. Fedha ilikuwamo tangu zamani. Nayo ilipita katika mkono wa mtu aliyejulikana, ambaye mji mzima ungeweza kumwita kumuuliza mgeni wake alitendewa nini.

La pili ni lile analolitaja kwa kupita tu: kwamba mtu aliyekuwa ameujia mji ule mara nyingi, akajuana na watu wake, aliruhusiwa kushukia popote alipotaka. Kuchagua, basi, kulikuwa tunda la mazoea. Mgeni wa safari ya kwanza alichaguliwa. Mgeni wa safari ya kumi alichagua. Utaratibu wa leo umelipindua jambo hilo juu chini, kwa kuwa anayechagua kwa uhuru mkubwa zaidi, kwa picha na bei, ni yule ambaye hajawahi kukanyaga kisiwani.

Ibn Battuta mwenyewe alipojulikana kuwa ni mwanachuoni, wala si mfanyabiashara, alipelekwa kwa kadhi, akapewa tambuu na popoo kutoka kwa mtawala, akalazwa katika nyumba ya wanafunzi iliyotandikwa kwa ajili ya wageni. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli pamoja na vitoweo vyake, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi na maembe. Akaa siku tatu kwa utaratibu huo. Siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, akaletewa mavazi kamili ya kuendea msikitini na kuonana na mtawala. Msomaji na aiweke kando siku hiyo ya nne, maana itarudi.

Siku kumi za mgeni

Mafundisho ya Kiislamu, yanayojulikana pwani nzima, huhesabu haki ya mgeni kuwa siku tatu, na yazidiyo hapo ni sadaka. Methali nayo ina hesabu yake: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, na tangu hapo wengi wameisoma kama wito wa kufanya kazi. Lakini hesabu iliyo kamili na kali kuliko zote imo katika utungo maarufu usiokuwa na mtunzi anayejulikana, ambao vizazi vya wanafunzi wameukariri: ule unaomfuatilia mgeni tangu siku ya kwanza hadi ya kumi.

Mpangilio wake ni mwepisi. Siku ya kwanza mgeni huandaliwa mchele na samaki panza. Siku ya pili huja maziwa na samli. Siku ya tatu vibaba vimepungua nyumbani. Siku ya nne ni ya jembe. Kisha huanza masengenyo, huanza watu wa nyumba kula kwa kujificha, mpaka siku ya kumi ambapo anayebaki hutolewa kwa mateke na ngumi. Kila anayeusikia hucheka, na kicheko hicho huficha ustadi wa aliyeutunga. Silabi za mwisho za jina la siku ndizo zinazoamua mgeni apewe nini. Mtunzi hakumchukia mgeni wake. Amefungwa na vina, kama mwenyeji alivyofungwa na kibaba. Siku haziwezi kusimama, na kila siku inadai kina chake.

Ni wazi kwamba jembe la methali na jembe la utungo si jembe moja. Katika methali, jembe linaweza kusomwa kama mlango: anayelima pamoja na wenye nyumba haitwi tena mgeni, na hakuna anayemhesabia kibaba. Katika utungo, jembe ni mlango pia, ila unafunguka kwa upande wa nje. Akitoka shambani, waagane. Ibn Battuta aliletewa mavazi katika siku ile ile ya nne. Mavazi na jembe vinasema neno moja kwa lugha mbili: muda wa kukaa pembeni umekwisha, sasa ingia katika shughuli za mji au shika njia. Utamaduni wa pwani haukumwacha mgeni aelee juu ya siku bila ya kuambiwa ni ya ngapi.

Kuna jambo jingine la ufundi ambalo lina maana kubwa kwa hoja hii. Utungo wa siku kumi kwa sehemu kubwa unamsemesha mwenyeji. Ndiye anayeambiwa ampe, amwongezee, amwage. Mgeni hatamki neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni kasoro ya utungo, ama ni ukweli wake: umeandikwa kutoka upande wa jiko. Ukiuweka kando ya kijitabu chochote cha kutangaza hoteli za ufukweni, utaona kwamba kijitabu kimeugeuza mkao huo. Humo anayesemeshwa ni mgeni peke yake. Ndiye anayeahidiwa, anayebembelezwa, anayeitwa aje. Na sasa mwenyeji ndiye asiyetamka neno. Akionekana, huonekana kama mkono uliobeba trei.

Chumba cha mgeni

Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilijengwa huku mgeni akifikiriwa tangu msingi. Baada ya daka la mlangoni na tekani, mtu hutokea kiwandani, na hapo ndipo ilipokuwa sabule, chumba cha mgeni. Misana na ndani, mahali pa wanawake na pa siri za nyumba, vilikuwa mbele zaidi, na mgeni hakuvifikia. Mpangilio huo ulimkaribisha mtu bila ya kuivunja nyumba. Aliweza kulala, kuoga na kula chini ya paa moja na wenyeji, na mabinti wa nyumba wasilazimike kujibanza kwa sababu yake.

Lugha imehifadhi kumbukumbu ya chumba hicho kwa namna ya ajabu. Neno sebule, ambalo ni sabule ile ile, siku hizi katika nyumba nyingi ni mahali pa makochi na runinga. Familia imehamia katika chumba cha mgeni, na mgeni amehamia hotelini. Hata neno hoteli lina kisa chake, kwa kuwa masikioni mwa Waswahili wengi hoteli kwanza ni mahali pa kula, pa chai na maandazi; pa kulala paliitwa gesti, na gesti haikuwa mahali ambapo mtu angependa wakwe zake wamwone akitoka na watoto wake. Ndiyo maana kwa muda mrefu familia ya Kiswahili iliyosafiri haikuwa na neno la heshima la kuyaita malazi ya kulipia. Ilikuwa na jina la shangazi tu.

Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaonyesha kuanguka kwa Pate kwa kututembeza ndani ya nyumba zake. Mahali palipowekwa sahani za fahari katika vidaka vya ukutani, sasa makinda ya ndege ndiyo yanayolala. Washairi wengi wameusifu ubeti huo kwa huzuni yake. Yafaa usifiwe pia kwa usahihi wake: mshairi anaupima uhai wa nyumba kwa kuuliza ni nani aliyelala humo usiku wa jana.

Mizani hiyo humsaidia mhakiki asiwe mwepesi wa kuhukumu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Katika miji yote miwili nyumba kadhaa za kale zimegeuzwa kuwa hoteli, na familia ya wageni leo inalala kwenye ndani, mahali ambapo mgeni wa zamani hakuwahi hata kupachungulia. Kuna anayeona hapo uvunjaji wa heshima. Lakini nyumba ya mawe isiyokaliwa hunywa maji ya masika, boriti zikaoza, na dari ikaanguka. Sayyid Abdalla amekwisha kutuonyesha wapangaji wengine wanaosubiri. Kati ya mgeni anayelipa na makinda ya ndege, nyumba yenyewe, lau ingeulizwa, ingejua la kuchagua.

Malazi katika riwaya za Gurnah

Mwandishi aliyelichimba suala la malazi kuliko wengine wa visiwa hivi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Huandika kwa Kiingereza, ila wahusika wake huulizana swali la Kiswahili: huyu amefikia kwa nani?

Katika Desertion, riwaya ya mwaka 2005, mwenye duka aitwaye Hassanali anatoka alfajiri ya mwaka 1899 kwenda kuadhini, katika mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Mombasa, akakutana na Mzungu aliyedhoofu anayetokea nyika. Anamchukua nyumbani kwake. Haulizi bei, haulizi dini. Anaona mtu aliyeletwa kwake. Haupiti muda, afisa wa serikali ya kikoloni, Frederick Turner, anakuja kumtwaa Mzungu mwenzake ampeleke kwenye nyumba yake, na anamshuku Hassanali kuwa amemwibia mgeni vitu vyake. Martin Pearce, mgeni mwenyewe, hakuchagua nyumba ya kwanza wala ya pili, kwa kuwa alikuwa hajitambui. Lakini anapopata nafuu hurudi kwa Hassanali kushukuru na kuomba radhi. Marejeo hayo ndiyo yanayoifungua hadithi yote ya mapenzi yake na Rehana, dada wa Hassanali, na yale yaliyowafika wazao wao.

Wasomaji wanaoipenda sura hiyo kwa ukarimu wake aghalabu humsahau Rehana. Yeye hafurahi hata kidogo kaka yake anapomleta mgeni, na ana sababu. Kabla ya Pearce, Hassanali aliwahi kumleta nyumbani mgeni mwingine, Azad, mfanyabiashara wa Kihindi aliyependwa na wote. Azad alimwoa Rehana, kisha akasafiri asirejee. Gurnah ameuweka ukarimu juu ya mizani yenye vitanga viwili: kimoja kina sifa ya kaka, kingine kina miaka ya dada. Kila nyumba iliyosifiwa kwa kupokea wageni ilikuwa na mwanamke aliyeamka kabla ya wote, na ni nadra jina lake kukumbukwa na aliyelala hapo. Hoja yoyote ya kuutetea ukarimu wa kale isiyomweka Rehana ndani yake haijasoma riwaya hiyo mpaka mwisho.

Admiring Silence, ya mwaka 1996, inaligusa jambo letu kwa karibu zaidi. Msimulizi, ambaye hapewi jina, ameishi Uingereza kwa miaka mingi na mwanamke aitwaye Emma, nao wana binti, Amelia. Safari ya kurudi kisiwani inapowezekana, anakwenda peke yake. Hawezi kuwachukua mkewe na bintiye kwa sababu rahisi na ya kutisha: nyumbani kwao hakuna anayejua kwamba wapo. Anafikia kwa mama yake. Anakuta vyoo vimeziba, jamaa wanamtafutia mke, na maneno aliyoyanyamazia kwa miaka yote yanamsubiri kama mgeni wa siku ya kumi. Riwaya hiyo inaweza kusomwa kama habari ya likizo ya familia ambayo haikufanyika. Swali la mahali ambapo Amelia angelala kisiwani halikuulizwa kamwe, na kutokuulizwa huko ndiko kunakomvunja baba yake.

Riwaya ya tatu ni Paradise ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Ndani yake baba wa kijana Yusuf ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa. Deni linamshinda, na mwanawe anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye Yusuf amezoea kumwita ami. Kijana anafikia kwa "ami", lakini hukohuko anafundishwa na Khalil, rehani mwenzake, kwamba huyo si ami yake, ni Seyyid. Malazi yao wawili ni baraza la duka. Nyuma ya ukuta mna bustani ya maji na miti ambayo Yusuf anaitamani kwa moyo wote, naye huingia humo kwa kazi, si kwa haki.

Mfasiri alipochagua neno peponi alilipata neno lenye uzito wa kutosha. Asili ya "paradise" katika lugha za Ulaya ni neno la Kiajemi cha kale lenye maana ya mahali palipozungushiwa ukuta, na kutoka chimbuko hilo ndiko pia lilikotoka Firdausi tunayoijua. Kwa Kiswahili, pepo ni makao ya walioridhiwa. Pepo ni mashetani ya kupungwa. Na pepo ni upepo katika wingi wake, pepo za kusi na za kaskazi. Riwaya ya Gurnah inazihitaji maana zote tatu. Matangazo ya likizo yamechukua moja tu, ile ya makao ya starehe, na hata hiyo yameichukua bila ya kuutaja ukuta.

Bahari isiyokupwa

Ikiwa vijitabu vya hoteli ni maandishi, basi navyo vinastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine. Dosari yao kubwa si uongo. Nyingi ya picha zao ni za kweli: mchanga wa Paje ni mweupe kama unavyoonekana, na maji ya Nungwi yana rangi hiyo hiyo. Dosari yao ni kwamba hayana wakati. Ndani yake jua limesimama juu ya kichwa, maji yamejaa, na mgeni yumo daima katika siku yake ya kwanza, siku ya wali na panza.

Bahari ya Unguja haikubali kuandikwa hivyo. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo siku moja, na saa ya kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapotimia, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Katika pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Bwejuu na Jambiani, maji yakitoka huenda mbali kuelekea kwenye mwamba wa matumbawe, na mtoto aliyeahidiwa bahari hukuta mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, umbali wa yapata kilomita 60 kutoka mjini, maji hayaondoki mbali kiasi hicho, na mtu huweza kuogelea karibu saa zote. Familia isiyoambiwa tofauti hiyo hulalamika kwamba imedanganywa. Haikudanganywa, imesomeshwa maandishi yasiyokuwa na saa.

Saa hiyo iliyofichwa ndiyo pia saa ya wenyeji. Bahari inapokupwa, wanawake wa Paje na Jambiani huteremka kwenye vigingi na kamba zao za mwani, kazi iliyoanza kuenea kibiashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mpiga picha aliyesubiri maji yajae ndipo apige amewaondoa bila ya kuwafukuza. Mtoto aliyepelekwa kwenye vidimbwi wakati wa kupwa, amevaa viatu kwa ajili ya miiba na mawe makali, ataona kaa, majongoo na samaki wadogo waliobanwa na mwamba, na atawaona watu wakifanya kazi. Huenda atakumbuka hayo kuliko bwawa. Kwa mzazi anayechagua, ratiba ya maji ina manufaa makubwa kuliko idadi ya nyota za hoteli, na mvuvi yeyote wa kijijini anaijua bila ya kuiandika.

Mwenyeji aliyerudi kama mgeni

Pana kundi la familia ambalo kwalo swali hili ni kidonda. Baada ya Mapinduzi ya 1964 na katika miaka iliyofuata, watu wengi wa visiwani walihamia Omani, Uingereza na kwingineko. Watoto wao na wajukuu wao hurudi wakati wa likizo, na mara nyingi wajukuu wanajua Kiswahili cha salamu tu. Nyumba ya bibi ipo, Malindi au Ng'ambo. Hoteli nayo ipo, tena inalipika. Wakifikia kwa bibi, maji yanaweza kukatika, watoto watalala watatu kitanda kimoja, na shangazi atasimama jikoni tangu alfajiri. Wakifikia hotelini, bibi ataambiwa na majirani kwamba wajukuu zake wameonekana mjini.

Msimulizi wa Admiring Silence alikwenda kwa mama yake na kuiacha familia yake nyuma. Hawa wanaileta familia yao na kumwacha mama nje. Hakuna haja ya kuwalaani. Rehana angewaelewa, hoteli inaweza kuwa rehema kwa mwanamke wa nyumba, naye anaweza kukutana na wageni wake akiwa hajachoka. Lakini mtoto anayelala nyuma ya ukuta wa bustani, akaletwa kwa bibi yake kwa saa mbili na kurudishwa, amefundishwa kitu kuhusu nyumbani kwao ambacho hakuna aliyekusudia kumfundisha. Ameifika Unguja. Hajaifikia.

Mizani iliyotolewa na fasihi ya pwani haimwamuru mtu akatae hoteli. Inamtaka aulize mambo matatu kabla ya kulipa. Je, mahali hapo pana mtu atakayejulikana kwa jina kuwa mwenyeji, anayeweza kuulizwa na kijiji mgeni wake ametendewa nini? Je, saa za mahali hapo, za maji, za sala, za soko, zinamfikia mgeni, au zimezuiwa langoni? Na je, anayeamka kabla ya wote ili mgeni ale analipwa na kushukuriwa kwa jina lake? Nyumba ya wageni ya kulipia, ambayo mwenyewe anaishi uwanja huo huo, inaweza kuyajibu yote matatu. Mogadishu ya 1331 nayo ilikuwa ya kulipia kwa njia yake. Na kwa familia yenye bibi, usiku wa kwanza kwake, hata kwa kubanana, una thamani ambayo usiku wa mwisho hauwezi kuifidia, kwa kuwa kwa ada ya pwani usiku wa kwanza ndio unaotangaza mtu amefikia kwa nani.

Makunduchi bado pana siku moja inayolielewa jambo hili. Katika Mwaka Kogwa, ambao huangukia Julai, nyumba isiyokuwa na mgeni huhesabiwa kuwa na upungufu, na wenyeji humtafuta mgeni wa kumwingiza. Hapo mwenye haja ni mwenyeji, kama vijana wa Mogadishu na sahani zao.

Washairi wa kizazi hiki wana deni hapa. Utungo wa siku kumi ulitungwa kwa ajili ya mgeni aliyekuja kwa miguu au kwa jahazi, akakaa mpaka vibaba vikaisha. Mgeni wa leo amelipia siku zake saba kabla ya kupanda ndege, na anaondoka kabla hajasengenywa. Anastahili utungo wake, wenye siku zilizohesabiwa na vina vilivyokazwa, unaowasemesha wote wawili, mwenye nyumba na mwenye begi, na unaomtaja aliye jikoni. Atakayeutunga asiiruke siku ya nne. Mgeni aliyelipa kila kitu apewe nini siku hiyo, ikiwa jembe limekataliwa na mavazi yanauzwa dukani? Hilo ni swali gumu la kishairi, na kisiwa kizima kinaishi ndani yake.